Kitufe cha Salale

Hapa Kibiti watu hawaijui kazi yangu, na mie nimechoka kuieleza. Majirani wanachojua ni kwamba nashinda ndani na kompyuta, kwa hiyo kila simu inayozingua mtaani huletwa kwangu. Huyu kasahau namba ya siri, yule simu imetumbukia kwenye ndoo, mwingine mjukuu kamchezea na sasa maandishi yote ni ya Kichina. Nawaambia mie si fundi simu, mie naandika programu. Wanajibu haya, tumesikia, lakini itazame kidogo tu. Naitazama. Utamfukuza vipi mtu aliyekuletea mihogo jana?

Programu zenyewe ni za watu wa Dar es Salaam, ambao wengi wao sijawahi kuwatia machoni. Ni mambo makavu: mfumo wa kujua dawa zilizobaki stoo, mfumo wa kupanga foleni ya wagonjwa, vitu ambavyo vikifanya kazi hakuna anayekumbuka kwamba viliandikwa na mtu. Nilihamia hapa ndoa yangu ilipovunjika. Mtu akiwa na umeme na bando, kazi hii haimuulizi amekaa wapi. Tatizo liko hapo kwenye "akiwa". Umeme wetu hukatika bila hodi, betri ya kompyuta yangu ilishakufa, na feni yake imejaa vumbi la barabara ya Kilwa mpaka inakoroma. Kwa hiyo asubuhi, mtandao ukiwa mwepesi, napakua miongozo na makala za kitaalamu, nazihifadhi kwenye simu, na umeme ukienda naketi kizingitini na pepeo langu la ukindu nazisoma.

Napenda miongozo. Mwongozo mzuri unakwambia kitu kinafanya nini, na kikikataa ufanyeje. Watu hawakuja na karatasi kama hiyo, na mzazi ndiye kabisa.

Jambo jingine linalowashangaza wanaonikuta kazini ni kipanya cha kompyuta. Kipanya changu kiko kushoto. Nina mashoto tangu kuzaliwa, ila ukinikuta nakula, nasalimia watu au naandika kwa kalamu, hutajua. Hiyo ni kazi ya baba. Nilipokuwa mdogo kule Salale, kijijini kwetu kwenye mikoko, kila tulipoketi kula alichukua kipande cha kanga kuukuu akanifunga mkono wa kushoto kiunoni, fundo kwa nyuma, nisilifikie. Hakunipiga hata mara moja. Alikuwa akisema mkono huu una kazi yake ya msalani, na mtu akimpa mwenzake kitu kwa mkono huu, au akamwonyesha kwa mkono huu, ni sawa na kumtukana. Nikilia ananilisha matonge mwenyewe, taratibu, na fundo halifunguliwi. Mwisho mkono wa kulia ukajifunza. Kipanya nilikuja kukishika ukubwani, yeye hayupo, ndiyo maana kikabaki upande wake wa asili.

Baba alikuwa mkulima wa mpunga, lakini ukimtaja kwa mtu wa Salale, anachokumbuka si mpunga. Anakumbuka maneno. Baba alikuwa mshenga. Posa ikikwama, watu walimfuata yeye. Alivaa kanzu, akapanda mtumbwi, akaenda kumsemea kijana wa watu mpaka wazee wa upande wa pili wakalegea. Ulimi wake ulikuwa mtamu na mwenyewe alijua. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akimtania kwamba yeye aliolewa na ulimi, huyo mwanamume mwenyewe alimjua baadaye.

Basi kiharusi kikaja kikachukua hicho hicho. Hujafa hujaumbika. Kilimkuta shambani, kikaua upande wote wa kulia, mkono, mguu, nusu ya uso, na ulimi pamoja navyo. Aliletwa kwa boti, kisha kwa gari, mpaka hospitali ya hapa Kibiti, na walipomruhusu akaja kulala kwenye chumba changu cha mbele, kitanda kikiwa karibu na dirisha. Sauti iliyobaki ilikuwa moja: "Mm." Umpe maji, mm. Umuulize kama anaumwa, mm. Kichwa nacho kilikuwa kinaanguka mbele chenyewe, hujui kama ameitikia au shingo imechoka.

Walikuja watu wawili wa kunisaidia kumuuguza. Wa kwanza ni shangazi, dada yake mkubwa, aliyefuatana naye kutoka Salale akiwa na kanga mbili na kikapu cha kamba wakavu. Wa pili ni baba mdogo, ambaye anaishi hapa hapa Kibiti na ana mashine ya kukoboa mpunga karibu na soko. Mwanamume huyu nitamsifu mpaka nife. Kila siku baada ya swala ya alfajiri, na tena kabla ya magharibi, alikuja na vumbi la pumba kwenye nyusi, akamuosha kaka yake, akamvisha, akamkata kucha, akamgeuza ubavu. Mie na shangazi tulikuwa tunatoka nje mpaka amalize.

Lakini hao wawili walikuwa na jambo lao, na kadiri siku zilivyokwenda jambo likakua. Shangazi alitaka baba arudishwe Salale. Alisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, mtu mzima akalale kwake, pale ambapo mkewe amezikwa na watu wanamjua. Baba mdogo alisema Salale hakuna daktari, homa ikimpanda usiku maji yamekupwa, nani atavuta boti kwenye tope, na yeye hakumbeba kaka yake mpaka hapa ili akamrudishe kufa. Shangazi akimwambia kifo hakina anwani, anamjibu hata hivyo tusikipeleke wenyewe. Kila mmoja alikuwa na haki, na kila mmoja alikuwa analia akiwa peke yake. Kilichokosekana ni neno la mwenye mwili. Salale au Kibiti, jibu ni la baba, na baba hakuwa na la kusema ila mm.

Muuguzi mmoja wa kike alijaribu. Alimwambia mzee, kama unanisikia nyanyua mkono wa kushoto. Baba alimtazama tu. Akamwambia tena kwa sauti kubwa. Mkono ule ulikuwa mzima, tulishauona ukivuta shuka, lakini hakuunyanyua. Muuguzi akatuambia kwa upole kwamba huenda haelewi tena anachoambiwa. Baba mdogo aliiamini kauli hiyo, na kuanzia hapo akawa anamzungumzia kaka yake mbele yake kama mtu aliyelala. Mie nilikasirika. Nilijua macho ya baba. Yalikuwa yanafuata mazungumzo ya watu toka mmoja hadi mwingine, kama alivyokuwa akiyafuata kwenye majamvi ya posa kabla hajafungua mdomo.

Nikafanya jambo ninalolijua. Nilikuwa na kishikwambi cha mtumba nilichonunua Kariakoo, kona moja imepasuka, lakini kioo kinakubali. Nikaamua kukifanya kiwe ulimi wa baba. Nilisoma kila nilichoweza kupakua kuhusu programu za watu wasioweza kusema: ukubwa wa visanduku, rangi zisizochosha macho ya mzee, umbali kati ya kitufe na kitufe. Nikaiwekea programu ikubali mguso pale tu kidole kinapotulia, ili kidole kinachotetemeka kisihesabiwe mara mbili. Kila kisanduku nikakiwekea picha. Kikombe kwa kiu. Mto kwa nigeuzeni. Msikiti kwa swala. Kwa Kibiti nikaweka picha ya mlango wangu, na kwa Salale picha ya nyumba yetu, mikoko nyuma yake.

Ikabaki sauti. Sauti za Kiswahili nilizozipata mtandaoni zilikuwa zinasoma kama mtangazaji aliyelazimishwa, na baba alipozisikia alikunja nusu ya uso iliyobaki hai. Ilifaa iwe sauti ya mwanamume wa kwetu. Nikamwomba baba mdogo anisaidie kurekodi, maneno machache tu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akafikiri kweli kweli.

"Siwezi, mwanangu," akaniambia. "Kaka yangu yu hai. Siwezi kumsemea kinywani mwake."

Nilimwona ana ushirikina wa bure. Nikarekodi mwenyewe, mchana, nimejifunika blanketi kichwani ili malori ya barabarani yasiingie, jasho linanitiririka kama niko kwenye tanuri. "Nina kiu." "Nigeuzeni." "Alhamdulillahi." "Nataka kubaki Kibiti." "Nataka kurudi Salale." Maneno ya mzee wa kiume, sauti ya binti yake. Sikuona ubaya. Mshenga naye si huwasemea wengine?

Nilikifunga kishikwambi kwenye kibao, nikakiweka upande wake wa kushoto, mkono ulipo. Nikamwonyesha. Aliitazama picha ya Salale muda mrefu mpaka jicho likajaa maji. Lakini hakugusa.

Sikukata tamaa siku ile. Mtu wa kazi yangu kitu kikikataa, kosa analitafuta kwanza kwenye kazi yake. Nilisoma kwamba vioo hivi huwa havihisi ngozi kavu yenye sugu, na vidole vya baba ni vya jembe na kafi, nikampaka mafuta ya nazi. Hakugusa. Nikaongeza visanduku ukubwa, nikapunguza idadi, nikabadilisha rangi, nikamnunulia kalamu ya kugusia. Akaiacha ikaanguka. Majirani waliokuja kumjulia hali wakawa wananipa pole mbili, moja ya mgonjwa na moja ya mashine. Baba mdogo alitikisa kichwa tu na kuondoka kuwahi wateja wake. Nikaanza kumwamini yule muuguzi. Nakumbuka siku hiyo, nimekaa mbele ya kompyuta na mistari yangu mizuri isiyo na hitilafu hata moja, nikijiambia basi, baba ameshaondoka, tumebaki kulumbana juu ya mwili.

Kisha alasiri moja shangazi alikwenda sokoni, nami nikatoka uani kuanika nguo. Nikasikia naongea.

Si mimi niliyesimama kwenye kamba na shuka la maji mkononi. Ilikuwa sauti yangu kutoka chumbani. Ilisema, "Alhamdulillahi." Ikanyamaza. Ikasema, "Nina kiu," na tena, "Alhamdulillahi," kama mtu anayejaribu kiatu. Halafu ikasema, "Nataka kurudi Salale." Ikarudia. "Nataka kurudi Salale." Shuka liliniponyoka likaanguka mchangani. Nikakimbia ndani, na nilipofika mlangoni nikauona mkono wa kushoto ukirudi upesi chini ya shuka. Baba alikuwa ameugeuzia uso ukuta, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Hapo nikaelewa, na nikatamani ardhi ipasuke. Tangu aumwe hakuna mtu aliyewahi kumwona akitumia mkono ule mbele ya mgeni. Wageni walipompa mkono aliuficha ule wa kushoto na kuwaacha waushike ule uliokufa. Tende alizopewa alizikataa mpaka tumtie mdomoni. Muuguzi alimwambia anyanyue mkono wa kushoto mbele yake, mwanamke wa watu, naye akaona afadhali aitwe punguani. Nami nikaja na miongozo yangu yote ya dunia nikamwekea maneno yake, jina la Mungu likiwemo, upande wa mkono wa msalani. Mimi! Miye niliyefungwa kitambaa utoto mzima!

Nilikwenda kwa imamu wa mtaa wetu. Akaniambia hilo si jambo la kuulizwa, dharura ni dharura, aliyepooza kulia atumie kushoto wala hana lawama. Nikarudi nikamweleza baba neno kwa neno. Alinisikiliza, akafumba macho. Dini ilikuwa imemruhusu. Yeye ndiye aliyekataa.

Haya, nikaanza upya. Kama mkono haufai, imebaki ile mm. Niliandika programu ambayo mwanga unatembea wenyewe kutoka kisanduku hadi kisanduku, na kipaza sauti kinasubiri. Mwanga ukifika kwenye neno analolitaka, baba anaguna, neno linatamkwa. Ukisikia hivi ni rahisi. Lakini kipaza sauti hakijui baba yangu ni yupi. Lori lilipiga honi, kishikwambi kikaomba kugeuzwa. Mbuzi wa jirani alilia dirishani, kikasema nina kiu, na shangazi, ambaye alikuwa hajacheka tangu aje, akacheka mpaka akashika mbavu, akauliza huyo mbuzi apewe maji au chai. Ilinibidi nisome mambo ya mawimbi ya sauti ambayo shuleni niliyakimbia, niirekodi mm ya baba katika kila hali, niifundishe programu kuitambua hiyo tu na kupuuza dunia nyingine yote.

Ikakubali. Siku ya kwanza aliomba kugeuzwa, tukamgeuza. Akasema Alhamdulillahi. Akausubiri mwanga uzunguke kwa subira ileile ya mshenga, akaguna, na sauti yangu ikasema anataka kurudi Salale. Shangazi alipiga magoti pale pale kando ya kitanda. Zilikuwa siku chache nzuri, sitazikana. Nyumba ikawa na mazungumzo. Nilikuwa nafanya kazi yangu chumba cha pili na kujisikia nikiomba maji.

Baba mdogo alipoona aliitikia kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mchoro wa mtoto. Shangazi akamwambia mwenyewe ameshasema, kilichobaki ni gari na boti. Akajibu kwamba jambo zito hivyo haliamuliwi na kishikwambi. Mwisho wakakubaliana tukae Ijumaa, baada ya swala, mbele ya wazee wawili wa msikitini, baba aulizwe na neno lake liwe la mwisho.

Tulikaa chumbani kwa baba. Wazee kwenye viti, baba mdogo ukingoni mwa kitanda, mie na shangazi mkekani. Baba alikuwa amevishwa kanzu nyeupe, ameegemezwa mito. Mzee mmoja akamsalimia, akamuuliza kwa heshima anapenda akae wapi. Mwanga ukaanza kutembea. Ukapita kwenye kikombe, ukapita kwenye mto, ukapita kwenye mlango wangu. Ulipofika kwenye mikoko baba akaguna, na sauti yangu ikajaa chumba: "Nataka kurudi Salale."

Wazee wakatazamana. Baba mdogo akaomba iulizwe tena. Ikaulizwa, likaja jibu lile lile. Viganja vyake vyeupe kwa pumba vimelala magotini, baba mdogo akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Mwanangu, mie naishi na mashine," akasema. "Mashine haina nia. Inatoa ulichokitia. Taa inatembea yenyewe, kaka anaguna kama anavyoguna siku zote, na hiyo sauti ni yako. Wewe ndiye unayetaka, wewe na shangazi yako. Mie niwaulize wazee hawa: nimpeleke kaka yangu mahali akafe kwa neno la sauti ya mtoto wa kike?"

Nilikuwa na majibu, ninayo mpaka leo, ya jinsi programu inavyoitofautisha mm moja na nyingine. Lakini nani angeyaelewa pale? Na kila neno ambalo ningelisema lingetoka kwa sauti ile ile. Mzee mmoja akaanza kusema kwamba kwa kweli kuna shaka, na penye shaka mgonjwa abaki karibu na dawa.

Ndipo shuka likatikisika.

Mkono wa kushoto wa baba ukatoka. Ulikuwa umekonda, kucha zimekatwa vizuri na mdogo wake. Ulikwenda hewani mbele ya wazee wa msikiti, mbele ya mdogo wake, mbele ya dada yake na binti yake, unatetemeka kama jani. Sikuwa nimeondoa uwezo wa kugusa kwenye programu, visanduku vilikuwa bado vinakubali kidole. Lakini vilikubali kidole kilichotulia tu. Hayo niliyasoma mwenyewe nikayaweka mwenyewe. Basi ilimbidi akae na mkono ule juu ya kioo, sote tukimtazama, akipambana nao utulie. Jasho lilimtoka. Hatimaye ukatulia, na sauti yangu ikasema, "Nataka kurudi Salale." Hakuuondoa. Ikasema tena. Hakuuondoa. Ikasema tena.

Shangazi alijifunika uso kwa kanga. Wazee waliinamisha macho, kama watu waliomkuta mwenzao kisimani hana nguo. Hakuna aliyeuliza kama baba anajua anachokifanya, kwa sababu hakuna mwanamume wa kwetu, tena mshenga, ambaye angefanya vile kwa bahati mbaya.

"Nimesikia, kaka," baba mdogo akasema. "Nimesikia. Rudisha mkono."

Baba hakuweza kuurudisha, nguvu zilikuwa zimemwishia. Baba mdogo akauchukua kwa mikono yake yote miwili, akaulaza chini ya shuka, akalivuta shuka mpaka kifuani. Mie nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya nyumba. Nililia kwa hasira, sijui hasira ya nani. Kazi yangu ilikuwa imefaulu kama miongozo yote ilivyoahidi, na baba yangu alikuwa amelazimika kujivua heshima ili aaminike.

Tulimpeleka. Baba mdogo aliifunga mashine yake, akambeba mwenyewe mpaka kwenye boti, akakaa naye kichwa chake kikiwa pajani, mwavuli juu ya wote wawili. Njia nzima kishikwambi hakikufunguliwa. Kule Salale kitanda tulikiweka mahali ambapo mlango ukiwa wazi analiona kaburi la mama. Kishikwambi nikakisimamisha kushoto kwake kama kawaida, nikakiunganishia chaja ya jua. Hakukitazama. Mwanga ulizunguka na kuzunguka kwenye visanduku. Hata ile mm hakuitoa tena mbele ya kioo kile. Alishasema alichotaka kusema.

Nilirudi Kibiti kwa watu wangu wa Dar es Salaam na mifumo yao ya stoo. Kila nilipopata nafasi nilishuka Salale kumtazama. Alikuwa anapungua. Daktari hakuwepo, kama baba mdogo alivyosema, na homa zilikuja, kama baba mdogo alivyosema. Lakini uso wake ulikuwa umetulia, nusu zote mbili.

Safari ya mwisho nilimkuta amelala chali, mlango wazi, upepo unaingia. Nilimwamkia, nikashika mkono wa kulia ule uliokufa kama wageni wote. Nilipomvuta shuka nimtengeneze, kazi ambayo safari zote aliifanya shangazi, nikaona. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kiunoni kwa kipande cha kanga.

Nilimjia juu shangazi. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii shangazi yake, kwamba amemfunga mgonjwa kama mbuzi, mkono pekee alionao. Hakunijibu kwa ukali. Aliniambia baba ndiye aliyetaka. Tangu warudi, kila alipopita karibu, baba alikuwa akilikamata pindo la kanga yake kwa vidole vya mkono ule, akilitazama pindo, akiutazama mkono, akilia. Siku ya tatu shangazi akaelewa, akachana kanga, akamfunga. Toka hapo baba akawa analala.

Sikumwamini. Nikapiga magoti, nikafungua fundo, nikauachia mkono. Nikamwambia baba uko huru sasa, hakuna mgeni hapa, niko mie tu. Mkono ulibaki pale pale kiunoni, haukwenda popote. Baba alinitazama kwa yale macho ya kwenye majamvi, akanisubiri, kama alivyokuwa akinisubiri zamani mbele ya sahani mpaka ninyamaze kulia.

Nikaokota kitambaa nikamfunga tena, fundo kwa nyuma, asilifikie. Nililifunga kwa mkono wangu wa kushoto, maana huo ndio unaojua kufunga, naye aliniona, akaniacha.